Korongo la Njorowa, Mto Usiokuwa na Maji

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Nairobi, basi likikaribia Naivasha, huliona ziwa likimeta upande wake wa kuume, na nyuma yake mlima Longonot umeketi peke yake kama chungu kilichovunjika mdomo. Wengi hutazama, wakasema ni pahali pazuri, kisha wakarudia mazungumzo yao ya bei ya mahindi. Ni wachache wanaojua ya kuwa kusini ya ziwa lile, kati ya mlima huo na vilima vya Olkaria, pana mwanya katika majabali ambamo mtu aweza kutembea tangu asubuhi mpaka jioni asiuchoshe macho yake. Pahali hapo huitwa Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu. Wamasai wana jina lao la zamani zaidi, nalo ni Ol Njorowa.

Jina hilo la Jahanamu lisimtishe mtu. Serikali ilipatangaza kuwa hifadhi ya taifa katika mwaka wa 1984, na eneo lake ni kilomita za mraba 68 hivi, dogo mno likilinganishwa na hifadhi nyingine za Kenya. Lakini hifadhi hii ina jambo moja ambalo zile kubwa hazina: mgeni huruhusiwa kuingia kwa miguu yake mwenyewe, au kwa baiskeli aliyoikodi karibu na lango. Kwa hiyo karani wa mshahara mdogo na mkulima aliyeuza viazi vyake vizuri waweza kuona twiga na punda milia kwa karibu bila ya kukodi motokaa. Nyati nao wamo, na nyati si mnyama wa kuzoewa. Mwenye akili humpisha mbali.

Ukiisha kupita lango liitwalo Elsa, waiona nguzo ya mawe imesimama peke yake njiani, urefu wake yapata mita 25. Ni moto wa volkano ulioganda katika koo la mlima wa kale. Mlima wenyewe ukaliwa na mvua na upepo, koo likabaki. Nguzo hii ilipewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika Naivasha katika mwaka wa 1883 akitafuta njia ya kwenda ziwa Viktoria, Wamasai wakamzuia asiendelee, akarudi alikotoka. Mwaka ule ule Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alipita katika nchi hiyo, akafaulu kufika mpaka Viktoria. Ni ajabu kidogo kwamba aliyerudishwa alipewa nguzo isiyotikisika, na aliyepita akapewa maporomoko ya maji kule Nyahururu. Wamasai wenyewe husimulia habari nyingine juu ya nguzo hii. Husema palikuwa na binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, akakatazwa asigeuke kuitazama nyumba ya wazazi wake. Huruma ikamshinda, akageuka, akawa jiwe.

Kutoka hapo njia yapita katikati ya kuta mbili za majabali mekundu, ambayo tumbusi na mbayuwayu hujenga katika mipasuko yake. Kando ya njia pamejaa leleshwa, kichaka chenye majani ya rangi ya majivu na harufu nzuri, ambacho vijana wa Kimasai huweka majani yake kwapani badala ya manukato ya dukani. Baada ya mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu mtu hufika penye kituo cha askari wa wanyama, na hapo ndipo korongo lenyewe la Njorowa linapoanza. Mgeni hukutana na vijana wa vijiji vya jirani wafanyao kazi ya kuongoza wageni, wakapatana ujira, kisha wakaanza kushuka.

Mtu aliyezoea barabara ya mjini hupata mashaka hapo mwanzo. Mahali pengine hana budi kukaa kitako na kuteleza, na pengine lazima atie vidole vya miguu katika vishimo vilivyochongwa jabalini huku kiongozi amemshika mkono. Lakini akiisha kufika chini husahau taabu yote. Kuta zimepanda pande mbili kama nyumba za ghorofa, rangi yake ya mchanga, nazo zimepangwa tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Kila tabaka ni majivu ya siku moja ya ghadhabu ya volkano. Katika majivu yale mna vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, liitwalo obsidiani, ambalo watu wa kale walilitumia kufanyia visu na ncha za mishale kabla chuma hakijajulikana. Pana mahali ambapo mtu akinyosha mikono yake miwili hugusa kuta zote mbili kwa pamoja, na juu huona mbingu nyembamba kama utepe. Pana mahali pengine maji ya moto hutiririka jabalini, yakiacha alama za kijani na za rangi ya machungwa. Asiyesadiki hutia kidole, akakitoa upesi.

Yafaa tujue jinsi korongo hili lilivyofanyika, maana asiyejua hilo hatajua hatari yake. Yapata miaka elfu tisa au kumi iliyopita, mvua ilikuwa nyingi kuliko sasa katika Bonde la Ufa, na ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na la juu sana. Likajaa hata likafurika upande wa kusini, na maji yake yakatafuta njia katika majivu yale laini. Mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne, yalichimba mpaka yakafanya mfereji huu. Baadaye nchi ikawa kavu, ziwa likashuka, mto ukakauka, na mfereji ukabaki wazi bila ya mwenyewe. Leo ziwa hupokea maji ya mito Malewa na Gilgil, wala halina mto utokao ndani yake. Hata hivyo maji yake si ya chumvi kama ya Nakuru na Elmenteita. Sababu yake ni kwamba sehemu ya maji hayo hujipenyeza chini ya ardhi na kwenda zake. Huko chini ardhi ina moto, na mvuke utokao katika vilima vya Olkaria ndio unaozungusha mitambo ya umeme. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi katika mwaka wa 1981. Mtembezi huyaona mabomba ya mvuke yamepita vilimani kama nyoka wa fedha. Wako wasemao kwamba mabomba hayo yameharibu uzuri wa pahali. Labda ni kweli, lakini wengi wao husema hayo jioni wakiwa chini ya taa ya umeme.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mto ule wa kale ulikauka, lakini njia yake haikufungwa. Mvua ikinyesha sana katika vilima vinavyolizunguka korongo, maji hayana pengine pa kwenda isipokuwa humo humo. Katika mwezi wa Aprili, mwaka wa 2012, vijana wa kanisa moja la Nairobi walikuwa matembezini ndani ya Njorowa, maji yakawajia ghafula, na saba kati yao wakafa. Siku ya Jumapili, tarehe 1 Septemba, 2019, maji yaliwachukua tena watembezi katika korongo hilo, na waliokufa walikuwa saba, kiongozi wao akiwa miongoni mwao. Shirika la Wanyamapori la Kenya likalifunga korongo. Kwa hiyo kila atakaye kwenda na aulize kwanza langoni ni sehemu gani zilizo wazi na zipi zimekatazwa, wala asimsikilize mtu amwambiaye kwamba iko njia ya kificho.

Watu wengi waliposikia habari hizo waliuliza: Je, hawakuyaona maji yakija? Wangewezaje kuyaona? Fikiri maji yaliyotanda katika uwanda wa juu, upana wake mita 20, kina chake sentimita 20 tu, yaani hayafiki hata nusu ya muundi. Maji hayo yakiingia katika upenyo wenye upana wa mita 2, kwa mwendo ule ule, kina chake hakina budi kuwa mita 2, yaani kupita kimo cha mtu mrefu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Tena hayaji peke yake, huja na mawe, magogo na matope. Maji ya kasi yanayofika magotini tu yatosha kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu, na aliyeanguka katika korongo hapati cha kushika, kwa kuwa kuta zimesuguliwa zikawa laini.

Na jambo linalowadanganya watu kuliko yote ni jua. Mvua inayoleta maji hayo yaweza kunyesha mbali, nyuma ya kilima, na hali juu ya korongo mbingu ni nyeupe. Hapo ndipo hutokea ubishi baina ya mgeni na kiongozi wake. Kijana husimama, akatega sikio, akatazama kijito kidogo kipitacho miguuni, akasema, "Mzee, turudi." Mgeni naye hujibu, "Lakini kijana wangu, huoni jua linavyowaka? Nimetoka mbali, nami nimekwisha lipa." Kijana ameona jambo ambalo mgeni hakuliona: maji yaliyokuwa meupe yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, au yameanza kuchukua vijiti na povu. Pengine amesikia ngurumo ya mbali kama ya lori lipandalo mlima, au upepo wa baridi umekuja ghafula kutoka juu. Dalili hizi zikionekana hakuna mashauri tena. Mtu hapaswi kukimbia kufuata korongo, kwa sababu maji yana mbio kuliko yeye. Apande mahali pa kwanza panapopandika, hata kama ni penye miiba, na mfuko wake auache.

Hapa lazima tuseme neno juu ya ujira. Kijana aongozaye wageni hulipwa kwa safari, naye anajua kwamba mgeni aliyerudishwa katikati ya njia hununa na pengine hutoa nusu. Basi huvutwa pande mbili, masikio yake yakimwambia rudi na tumbo la watoto wake likimwambia endelea. Mgeni mwungwana angemwambia kabla hawajashuka, "Ndugu yangu, ujira wako ni wote, hata ukituamuru turudi baada ya dakika kumi." Maneno hayo hayana gharama kubwa, nayo yampa kiongozi uhuru wa kusema kweli.

Wala si watembezi peke yao wanaokutwa na maji yatokayo mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, 2024, watu wa upande wa Mai Mahiu, kusini ya Longonot, walikuwa wamelala majumbani mwao. Mvua ya masika ilikuwa nyingi mwaka ule, na kwa maelezo ya serikali maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ambalo njia yake ya maji ilikuwa imeziba. Tuta likaachia. Watu zaidi ya 50 walikufa, na nyumba zilizokuwapo jioni hazikuwapo asubuhi.

Mvua hiyo hiyo ikinyesha juu ya msitu hutenda kwa namna nyingine. Atakaye kuona tofauti, siku ya pili na apande gari mpaka Nakuru, na kutoka huko mpaka Njoro, kisha aufuate mto Njoro kwa miguu kuelekea juu, akiwa na ruhusa ya wenye mashamba na ya walinzi wa msitu. Mto huu una urefu wa kilomita 60 hivi. Huanza Mau ya Mashariki, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,700, nao huishia katika ziwa Nakuru. Bonde lake halina majabali ya kutisha kama Njorowa. Lina vivuli. Pale ambapo msitu umesalia mtu hupita chini ya mierezi na miti ya podo, na juu zaidi katikati ya mianzi. Mbega weusi kwa weupe huruka kutoka tawi hata tawi, na kulukulu hukunjua mbawa zake nyekundu mara moja tu kisha akatoweka. Hapa na pale pana mzinga wa gogo umefungwa juu mtini, kazi ya Waogiek, ambao asali ya Mau imekuwa chakula na mali yao tangu zamani. Chini miguu haisikii udongo, inasikia majani yaliyooza, laini kama godoro.

Godoro hilo ndilo lenye siri yote. Mvua ikipiga juu ya msitu huvunjwa nguvu kwanza na matawi, kisha huanguka juu ya majani hayo na kunywewa, ikashuka polepole mpaka kwenye chemchemi, na chemchemi huitoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Udongo mtupu uliokanyagwa na ng'ombe haunywi hivyo. Maji huteleza juu yake siku ile ile ya mvua, yakauchukua udongo pamoja nayo, na mwezi wa pili baadaye mto ni mawe matupu.

Jambo hili si la kukisia, kwa maana limetokea Njoro mbele ya macho ya watu walio hai. Katika mwaka wa 2001 serikali iliondoa hekta zaidi ya 35,000 za Mau ya Mashariki katika hesabu ya misitu ihifadhiwayo, na mahali pa miti pakawa mashamba ya viazi, ngano na mahindi. Wazee wa Njoro wanaukumbuka mto usiokauka. Siku hizi sehemu zake za chini hukauka katika viangazi vingi, na mvua ikija maji yake ni mekundu. Mkulima aliyepewa shamba kule juu asilaumiwe peke yake. Alipewa, akalima, akalisha watoto. Lakini hata yeye hupata hasara, kwa sababu ule wekundu mtoni ni udongo wake mwema unaosafiri kwenda Nakuru bila ya nauli. Sheria ya Kenya inakataza kulima ukingoni kabisa mwa mto. Wako wakulima wanaoifuata, wakaacha majani na miti ya asili kandokando ya maji na kupanda majani ya tembo juu ya matuta. Mtembezi huyatambua mashamba yao asipoambiwa: katika sehemu hizo ukingo wa mto haujabomoka, na jiwe la kuvukia liko pale lilipokuwa mwaka jana.

Bonde hili lilikuwa na watu zamani sana. Juu ya mto Njoro pana pango ambamo Louis na Mary Leakey walichimba katika mwaka wa 1938, wakakuta mabaki ya watu kama themanini waliochomwa moto na kuzikwa humo, pamoja na bakuli za mawe, shanga na visu vya lile lile jiwe jeusi la obsidiani. Watu hao waliishi yapata miaka elfu tatu iliyopita, na walichagua kuwalaza wafu wao mahali pa juu, maji yasipofika.

Atakayekuwa na nguvu za siku ya tatu aufuate mto mpaka mwisho wake, katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Hapo haruhusiwi kutembea kwa miguu ila katika vituo vilivyowekwa, kama vile penye maporomoko ya Makalia upande wa kusini, maana vifaru na simba wamo. Lakini akisimama mahali palipoinuka ataona yanayotosha. Tangu mwaka wa 2010 hivi ziwa hilo limekuwa likipanda; eneo lake, ambalo lilikuwa kilomita za mraba 40 hivi, lilipita 60. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja, na mvua nyingi ndiyo ya kwanza. Maji yamefunika barabara za zamani, na lango kuu ilibidi lihamishwe. Flamingo wengi walikwenda kutafuta maziwa mengine, kwa kuwa maji yalipoongezeka chumvi yake ilipungua, na chakula chao kikapungua pamoja nayo. Migunga ya manjano iliyokuwa ukingoni imekufa ikiwa imesimama, meupe kama mifupa, nusu yake ndani ya ziwa, na juu ya matawi yake minandi hukaa wakianika mbawa zao juani.